Mafahali Wawili Katika Zizi Moja



Leo sitazungumzia bei ya sukari wala msongamano wa magari. Nitazungumzia jambo ambalo nimeliona likiwagombanisha watu wazima, wenye wake na wajukuu, hadi kahawa ikapoa vikombeni. Jambo lenyewe ni hili: timu inapokuwa na washambuliaji wawili wa kati, wote wafungaji, kocha afanye nini? Awapange wote tangu mwanzo, au mmoja acheze na mwenzake akae benchi na kizibao cha rangi ya chungwa, akiitazama saa ya uwanja?

Jibu la kijiweni nalijua, na wewe unalijua. Timu ikitoka suluhu huku mmoja alikuwa benchi, Jumatatu asubuhi utasikia: "Kocha mwoga! Ana mashine mbili, anawasha moja!" Juma linalofuata kocha huyo huyo akiwapanga wote wawili, timu ikazidiwa katikati na kufungwa, msemaji ni yule yule na kahawa ni ile ile: "Kocha gani huyu? Kiungo kakiacha wazi kama uwanja wa mnada siku isiyo ya mnada!"

Wazee wetu, ambao hawakuacha jambo bila methali, walituachia mbili kwa mkasa huu. Moja inasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Nyingine inasema kidole kimoja hakivunji chawa. Shabiki huchagua inayomfaa baada ya filimbi ya mwisho. Kocha hapewi nafasi hiyo. Yeye anatakiwa kuchagua kabla ya filimbi ya kwanza, na akikosea, mara nyingi hula mkate wake kwengine.

Basi, ndugu msikilizaji, tuanze na hesabu, maana soka kabla ya kuwa mbwembwe ni hesabu. Wachezaji uwanjani ni 11. Ukimwongeza mtu mbele, umemwondoa mtu mahali fulani. Shabiki anayedai washambuliaji wawili anasema nusu ya sentensi. Nusu ya pili, yaani nani atoke, humwachia kocha. Atoke kiungo? Atoke winga? Atoke beki? Kila mmoja kati ya hao ana kazi yake, na siku hayupo kazi hiyo haifi, bali humwangukia mtu mwingine.

Hapo zamani hesabu ilikuwa nyepesi. Wale wenye umri wangu watakumbuka namba za jezi zilivyosomwa: 7 na 11 mawinga, 9 senta fowadi, 8 na 10 wale walioitwa insaidi. Watu watano mbele! Baadaye dunia ikaanza kuwarudisha nyuma mmoja mmoja. Brazil ilipochukua Kombe la Dunia kule Sweden mwaka 1958 ilikuwa na wanne mbele, na katikati yao walisimama wawili, Vavá na kijana wa miaka 17 aitwaye Pelé. Fainali iliisha kwa mabao 5 kwa 2. Vavá alifunga mawili, Pelé mawili, na Zagallo moja. Hapo dunia ikaona kwamba senta fowadi akiwa na mwenzake, beki wa kati hajui amkabe nani.

Na sisi nyumbani tuna mifano yetu. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Simba, wakati huo ikiitwa Sunderland, mabao 5 kwa bila. Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, na Kitwana Manara moja. Watu wa Msimbazi walisubiri miaka tisa kulipa deni hilo. Tarehe 19 Julai 1977 wakalilipa na riba juu, 6 kwa bila: Abdallah Kibadeni matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja Selemani Sanga alijifunga mwenyewe. Tazama hesabu hizo mbili. Katika vipigo vyote viwili mabao hayakutoka kwa mtu mmoja. Alipokuwapo mmoja wa kuogopwa, alikuwapo na wa pili wa kumalizia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini usikimbilie kushangilia, kwa sababu kila kitu kina bei. Niulize: Brazil ya mwaka 1994, iliyochukua Kombe kule Marekani, ilikuwa na washambuliaji gani? Utanijibu bila kusita, Romário na Bebeto. Romário alifunga mabao 5 katika mashindano yale, Bebeto 3. Sasa nikuulize la pili: nyuma yao alisimama nani? Hapo wengi hukuna kichwa. Walisimama Dunga na Mauro Silva, viungo wawili ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuzima moto. Wabrazili wenyewe walilalamika kwamba timu yao haikuwa na ile ngoma ya zamani. Hata hivyo kombe lilikwenda Brazil, baada ya miaka 24 ya kulikosa. Wale wawili wa mbele walipata uhuru wao kwa sababu wawili wa nyuma walikubali kufungwa kamba.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka tulishike leo. Ukitaka wawili mbele, tafuta kwanza wawili wa kuwabeba.

Tatizo liko wapi hasa? Liko katikati. Wapinzani wakiweka viungo watatu nawe una wawili, basi daima yupo mmoja wao asiye na mtu. Huyo ndiye atakayepokea mpira, atageuka, atainua kichwa na kuchagua pa kuupeleka. Viungo wako watakimbia kama kuku waliofunguliwa banda, na kufika dakika ya 70 miguu itakuwa imekwisha. Washambuliaji wako wawili nao wamesimama kule mbele mikono kiunoni, wanasubiri mpira usiokuja. Shabiki atasema washambuliaji hawafai. Kumbe ugali haujaiva kwa sababu jikoni hakuna kuni.

Makocha wamepata njia tatu za kutibu ugonjwa huo.

Njia ya kwanza ni kwamba mmoja wa wale wawili ashuke. Timu inapokuwa na mpira, yuko karibu na mwenzake; inapoupoteza, anarudi kumkalia yule kiungo wa chini wa wapinzani. Hii inataka mshambuliaji mwenye mapafu na, zaidi ya mapafu, mwenye moyo wa kukubali kwamba mwenzake ndiye atakayeandikwa kwa herufi kubwa gazetini.

Njia ya pili ni mmoja aanzie pembeni. Jina lake ni winga, lakini kazi yake si kubaki kwenye chaki akipiga krosi. Mpira ukiwa upande wa pili, yeye anaingia ndani kama mwizi wa usiku na kumkuta beki amegeuka kumtazama yule wa kati. Bei yake ni kwamba beki wako wa pembeni anaachwa na watu wawili wa kuwakaba.

Njia ya tatu ni kucheza na mabeki wa kati watatu, ili wale wa pembeni wapande na kushuka kama lifti. Inter Milan ilitwaa ubingwa wa Italia msimu wa 2023/24 kwa njia hiyo. Lautaro Martínez alifunga mabao 24 ya ligi, na pembeni yake Marcus Thuram akafunga 13. Kwa hiyo wale wanaosema washambuliaji wawili ni mambo ya kale, yaliyozikwa pamoja na redio za mbao, waambie wasiharakishe mazishi. Lakini hao wa pembeni wa kukimbia dakika 90 hawaokotwi njiani.

Baada ya mfumo kuna watu wenyewe. Wawili wanaofanana si lazima waelewane, na mara nyingi ndio hugombana. Nilipata kuifuatilia timu moja ya mchangani huku kwetu, sitaitaja jina, iliyokuwa na vijana wawili wafungaji kwelikweli. Wote walipenda mguu wa kulia, wote walipenda kusimama nukta ile ile, hatua chache kutoka kwenye penalti. Krosi ikija, waliruka pamoja na kugongana vichwa. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya tofali alimwita mwalimu wao akamwambia: "Mwanangu, hao si washambuliaji wawili. Huyo ni mshambuliaji mmoja mwenye miguu minne." Mwalimu alicheka, lakini Jumapili iliyofuata alimweka mmoja wao kushoto. Mabao yakaanza kuja.

Pacha wazuri ni wale ambao mmoja anapokwenda, mwenzake anakuja. Mfano ambao wengi wetu tuliuona kwa macho, tukiwa tumebanana kwenye vibanda vya video, ni Dwight Yorke na Andy Cole wa Manchester United msimu wa 1998/99. Kwa pamoja walifunga mabao 53 katika mashindano yote. Tarehe 25 Novemba 1998, pale Camp Nou mbele ya Barcelona, Roy Keane alipiga pasi kuelekea kwa Yorke. Yorke akauacha mpira upite kana kwamba haumhusu. Ukamfikia Cole nyuma yake, Cole akamrudishia Yorke, Yorke akamrudishia Cole, na nyavu zikatikisika. Mabeki walibaki wakitazamana kama watu walioibiwa sokoni. Bao lile lilianza na mtu mmoja kukubali kutougusa mpira, na hapo ndipo uzuri wake ulipo.

Na timu ile ile inatufundisha jambo jingine. Alex Ferguson hakuwa na washambuliaji wawili, alikuwa na wanne. Katika fainali ya Ulaya, tarehe 26 Mei 1999, Yorke na Cole walianza, na Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær wakakaa benchi. Mabao mawili ya dakika za nyongeza yaliyoiua Bayern Munich yalifungwa na hao waliotoka benchi. Kwa hiyo benchi si jela, ndugu zangu. Jela ni pale mchezaji anapoliona kuwa jela.

Turudi nyumbani, maana mcheza kwao hutunzwa. Msimu wa 2018/19 Simba ilikuwa na Emmanuel Okwi, Meddie Kagere na John Bocco. Hata mtani wa jadi alikiri kimoyomoyo kwamba ile ni safu. Kagere peke yake alimaliza ligi akiwa na mabao 23. Katika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Dar es Salaam ilikuwa kaburi la wageni: JS Saoura 3 kwa bila, Al Ahly 1 kwa bila, AS Vita 2 kwa 1. Lakini ugenini? Vita 5 kwa bila, Al Ahly 5 kwa bila, Saoura 2 kwa bila. Mabao 6 yote ya kundi yalifungwa nyumbani. Ugenini walifungwa 12 na hawakupata hata la kufutia machozi.

Simba ilivuka kwenda robo fainali, na heshima yake tuiache hapo ilipo. Lakini hesabu hiyo ina somo. Nyumbani mpira ulikuwa miguuni mwako, mgeni amerudi nyuma, na kila mshambuliaji uliyemwongeza alikuwa faida. Ugenini mpira ulikuwa wa mwenyeji. Huko hata ungepanga wafungaji wanne, wangekula nini ikiwa hakuna wa kuwapakulia? Mpango mmoja hauvai viwanja vyote kama kanzu ya kuazima.

Miaka minne baadaye Yanga ikaja na jibu lake. Mwezi Januari 2023 ilimsajili Kennedy Musonda kutoka Power Dynamos ya Zambia, wakati tayari ilikuwa na Fiston Mayele. Wengi walitabiri ugomvi wa mafahali. Kocha Nasreddine Nabi hakuwasimamisha bega kwa bega kama askari wa gwaride. Mayele alibaki kuwa ncha ya mkuki, na mara nyingi Musonda alianzia pembeni au nyuma yake, kisha akaingia. Tarehe 19 Machi 2023 Monastir ya Tunisia ilifungwa 2 kwa bila Dar es Salaam, bao moja la Musonda na moja la Mayele. Katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ugenini Afrika Kusini, Marumo Gallants ilifungwa 2 kwa 1, na wafungaji ni hao hao wawili. Fainali ilikwenda kwa USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini, baada ya 2 kwa 1 hapa na 1 kwa bila kule Algiers. Kombe halikuja, lakini Mayele alikuwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7, na mafahali walikuwa wamekaa zizini bila kuchomana pembe.

Hapa anayeniunga mkono kupita kiasi ni lazima nimvute shati. Mayele aliondoka kwenda Misri, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikaifunga Simba 5 kwa 1 ikiwa na Musonda peke yake katikati. Yeye alifunga moja. Mengine yaliletwa na waliotoka nyuma yake: Maxi Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki na Pacôme Zouzoua. Mwisho wa msimu huo mfungaji bora wa ligi alikuwa Aziz Ki kwa mabao 21, akifuatiwa na Feisal Salum wa Azam mwenye 19. Wote wawili ni viungo. Na msimu wa 2024/25 mfungaji bora akawa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16, naye ni kiungo. Kwa hiyo kumpanga mshambuliaji mmoja si uoga. Ni uoga pale tu wengine wote wanapokatazwa kuvuka mstari wa kati.

Sasa nifike pale ninapoumia. Mfumo wa mshambuliaji mmoja una nafasi moja. Katika msimu wa 2023/24 klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili wageni hadi 12, na mimi sina ugomvi na wageni; wametufundisha mengi na wametufurahisha. Lakini nafasi moja ya senta fowadi, katika klabu yenye fedha na haraka, itakwenda kwa nani? Itakwenda kwa aliyenunuliwa kwa dola. Kijana wetu atageuzwa winga, au atapelekwa kwa mkopo, au atazeeka na kizibao. Siku timu ya taifa inapoingia uwanjani tunaulizana kwa mshangao: jamani, namba 9 wetu yuko wapi? Yuko pale pale tulipomwacha, benchi.

Ndiyo maana mfano wa Clement Mzize unanigusa. Kijana huyu alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga. Angeweza kupotea nyuma ya majina makubwa. Lakini msimu wa 2024/25, akiwa pamoja na Prince Dube wa Zimbabwe, alipata mahali pa kucheza, mara pembeni, mara katikati. Dube alifunga mabao 13 ya ligi, Mzize 14, na ubingwa ukabaki Jangwani. Mwezi Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN tuliyoandaa pamoja na Kenya na Uganda, Tanzania iliifunga Madagascar 2 kwa 1, na mabao yote mawili yalikuwa ya Mzize. Niambie, msikilizaji wangu: kama kocha angesema zizi hili ni la fahali mmoja tu, siku ile nani angefunga?

Kwa hiyo sina amri ya kumpa kocha yeyote, ila nina maneno matatu ya kuwagawia watu watatu.

Kwa viongozi wa klabu: acheni usajili wa kukomoana. Msinunue mshambuliaji kwa sababu tu mtani alikuwa akimtaka. Ukiwa na mrefu wa vichwa, tafuta mwepesi wa mbio. Ukiwa na mkaaji wa ndani ya boksi, tafuta anayeshuka kuchukua mpira. Mwenye viatu viwili vya kulia hana jozi.

Kwa makocha: msitafute mfumo kisha mkawakata watu miguu waingie humo. Na mkiwapanga wawili, waambieni wazi, kabla ya mechi na mbele ya wenzao, ni nani atashuka mpira ukipotea. Ugomvi mwingi wa uwanjani huzaliwa na kazi isiyokuwa na mwenyewe.

Na kwetu sisi mashabiki: tutakapodai wawili mbele, tumalize sentensi. Tuseme na nani atoke. Tukishindwa kumtaja, tunywe kahawa yetu kabla haijapoa, tumwache mwalimu afanye kazi yake walau hadi Jumatatu.

Mafahali wawili hukaa zizi moja, ndugu msikilizaji, ikiwa zizi limepanuliwa na kila mmoja anajua hori lake. Pasipo hayo, hata fahali mmoja atavunja uzio.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nakutakia siku njema na mechi njema.